Sanduku Ambalo Hakuna Aliyelifungua

Kabla hata chai haijaletwa, Kayitare alikuwa ameshaambiwa na watu wawili kwamba kitu kilichoibwa hakuna aliyewahi kukiona, na wote wawili walimwambia kwa fahari, kana kwamba hiyo ndiyo sifa ya kitu chenyewe.

Alikuwa ameketi katika ofisi ya Daktari Christophe-Aimé, mkuu wa maabara ndogo ya fizikia mjini Kamembe, orofa ya juu ya duka la mabati na misumari. Chini walikuwa wakikata mabati, na kila msumeno uliponguruma ilibidi watu wa juu wanyamaze na kusubiri. Kayitare hakuwa mtu wa kusubiri vizuri. Miaka mingi alikuwa mkamata magendo katika mpaka wa Ruhwa, kabla ya kuanza kufanya upelelezi wa kujitegemea, na kule Ruhwa mambo yalikuwa na adabu: gunia la sukari lipo au halipo. Hapa alikuwa na shauri la wizi, mshukiwa mmoja, na gunia ambalo wenyewe walikuwa wameapa kutolitazama.

"Tuanze tena, Docta," alisema. "Munieleze polepole, kama vile muko munaelezea mama mukwe."

Christophe-Aimé, mtu mwembamba wa Bukavu aliyekuwa akifuta miwani yake bila kukoma, alianza tena. Huko Ulaya kuna mtambo uliozikwa chini ya ardhi, mviringo mkubwa, ambamo protoni hukimbizwa na kugonganishwa uso kwa uso. Protoni ni vitu vidogo kuliko chochote ambacho Kayitare angeweza kukifikiria, kwa hiyo asijisumbue kufikiria. Kila zinapogongana vinaruka vifusi, na katika vifusi hivyo wanasayansi wa nchi nyingi wanatafuta chembe mpya, ambayo haijawahi kujulikana tangu dunia iumbwe. Chembe yenyewe haionekani. Inaacha dalili tu. Ukichora grafu ya migongano yote, mstari unateremka taratibu kama shamba la Mururu, na kama chembe ipo, mahali fulani kwenye mteremko panainuka kinundu. Maabara ya Kamembe ilikuwa imepewa fungu la data, nayo ilikuwa imelichambua kwa miaka mitatu.

Sasa, mtu anayetamani kinundu hukiona hata pasipokuwa na kitu. Ndiyo maana watu hawa wana mila yao: lile eneo la grafu ambapo chembe inatarajiwa hufungwa, na kila mtu hufanya kazi kama kipofu. Wanaliita sanduku. Mpaka kamati ya huko Ulaya iridhike na njia ya uchambuzi, sanduku halifunguliwi na yeyote, awe profesa awe mfagizi. Anayelifungua kabla ya siku yake hufukuzwa.

Na wiki iliyopita picha ya grafu yenye kinundu kizuri, katikati kabisa ya eneo lililofungwa, ilikuwa imezagaa mitandaoni. Rangi zake na namna ya kuchora vilikuwa vya Kamembe. Aliyekuwa akichora hivyo ni mtu mmoja, Daktari Elikia, msichana aliyesomea Bukavu, kisha Kigali, kisha Ulaya, akarudi kwa hiari yake. Saa tisa alasiri hiyo kamati ingekutana kwa video kuamua kama imfukuze.

Kayitare aliiangalia picha. "Hii foto ni ya data ya kweli?"

"Hatujue."

"Si mulinganishe na ile iko mu sanduku."

"Hatuwezi. Inaomba tufungue sanduku."

Msumeno ulinguruma chini. Kayitare alishukuru, kwa sababu ulimpa nafasi ya kumeza maneno ya kwanza yaliyomjia.

"Kwa hiyo munamushitaki mutoto ya bantu kwamba ameiba kintu. Hamujue kama kiliibiwa. Na hamujue kama kiko."

"Voilà," alisema Christophe-Aimé, akavaa miwani yake kwa faraja ya mtu ambaye hatimaye ameeleweka.

Kayitare alimwomba ampe basi kitu kinachoshikika. Alipewa namba ya simu. Picha ilionekana kwa mara ya kwanza katika kundi moja la WhatsApp, imetumwa na namba ya Congo. Kutoka hapo mwanafunzi mmoja aliichukua akaipeleka kwenye jukwaa la wanafizikia. Namba hiyo ilikuwa haipatikani. Tena hapa maabara, alisema Christophe-Aimé akipunguza sauti, mwenye laini ya Congo na pia mwenye nywila za mitambo yote ni Niyonsenga, fundi wa kompyuta. Yeye Christophe-Aimé hakutaka kumsema mtu, lakini maabara nzima alishaiambia kwamba kama kamati haitaridhika leo, atalipeleka jambo polisi kama wizi wa data uliofanywa kutoka ng'ambo, na wenye namba hiyo watafutwe mpakani.

Niyonsenga aliletwa. Alikuwa kijana mpole wa Gashonga aliyekasirika kwa upole. Ndiyo, ana laini ya Congo. Nani Kamembe hana? Ukitembea mpaka ufukoni simu yenyewe inakukaribisha Congo bila kukuuliza. Kuhusu nywila, kweli anazo zote, na ndiyo maana angeomba aulizwe swali moja tu: mtu mwenye funguo za ghala ataiba unga kwa kijiko?

Kayitare alimwambia afafanue, akifikiri moyoni kwamba kwa leo ametosheka na mafumbo. Niyonsenga akaikuza ile picha kwenye kompyuta yake. Mistari ya grafu ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, na juu ya picha nzima kulikuwa na mawimbi membamba ya rangi, kama mafuta juu ya maji. Mawimbi hayo hutokea ukipiga picha skrini kwa simu. Yeye angetaka kuiba angenakili faili lenyewe, safi, lisilopinda.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Kayitare aliona kitu kinachofanana na gunia. Aliyechukua picha hii hakuwa na nywila. Alikuwa na macho na simu tu, na alisimama nyuma ya mgongo wa Elikia, karibu kabisa, na Elikia hakumfukuza. Watu wa maabara walikuwa wamekagua nani aliingia kwenye mitambo, saa ngapi, kwa jina gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyepita nyuma ya kiti.

Akamwita Elikia.

Aliingia amevaa koti la baridi ingawa hapakuwa na baridi, akaketi kama mtu aliyekuja kuchomwa sindano. Kayitare alimuuliza kama alifungua sanduku. Alisema hapana, na alisema akimtazama usoni. Alimuuliza kama picha ni yake. Alisema grafu ni yake. Alimuuliza ni ya nini. Akajifunga vifungo vya koti. Alimuuliza anafanyia kazi wapi. Alisema siku nyingi hufanyia nyumbani Mururu, kwa sababu ya hiyo misumeno. Anaishi na nani? Akasema hilo halihusiani na fizikia.

Kayitare aliweka simu mezani, namba ya Congo ikiwa imeandikwa kwenye kioo, akaisogeza mbele yake. Elikia aliisoma. Akaigeuza simu ile ikalala kifudifudi, taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Muwaambie tu niko na makosa," alisema. "Banifukuze. Iishie pale."

"Nani amekuomba uishie pale?"

"Mzee, mi nimechoka."

Wote tumechoka, Kayitare alitaka kumwambia. Ruhwa alikuwa ameona watu wakikiri magendo yasiyo yao, na siku zote walikuwa wa aina moja: mume kwa ajili ya mke, mtoto kwa ajili ya mzazi. Mtu hajitoi sadaka kwa ajili ya fundi wa kompyuta. Alichukua koti lake, akamwacha Christophe-Aimé akiuliza anakwenda wapi, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kuelekea Mururu huku akimwonya dereva kwamba leo si siku ya kukimbia.

Nyumba ilikuwa chini kidogo ya barabara, kati ya migomba na shamba dogo la maharage. Mlangoni alikuwa mwanamke mnene wa makamo, akifunga vitenge katika mzigo wa kuvusha. Alikuwa Maman Honorine, mama yake Elikia, mfanyabiashara wa kuvuka daraja kila siku kwenda Bukavu na kurudi. Kayitare alijitambulisha kwamba anatoka kazini kwa binti yake. Hakuwa amemaliza sentensi mama yule akaacha mzigo, akafuta mikono, akamvuta ndani na kumkalisha, maana mtu wa kazi ya Elikia haachwi mlangoni.

"Mumekuja ju ya fête," alisema.

Kayitare alisema ndiyo. Hakujua sherehe gani, lakini kazi ilimfundisha kwamba mtu akikupa mlango, pita.

Honorine alikwenda kabatini akarudi na kitambaa, akakikunjua juu ya magoti ya mgeni. Kilikuwa cha buluu, na kimejaa mteremko wa dhahabu unaojirudia, na kwenye kila mteremko kilisimama kinundu kizuri. Kayitare alikaa akikitazama. Kamati nzima ya maprofesa ilikuwa ikimtafuta mwizi wa grafu hii, na hapa alikuwa amepewa ajipimie kama inamtosha.

Honorine alieleza bila kuulizwa. Kutakuwa na misa ya shukrani, kisha chakula. Dada zake wote, binamu, wanawake wa jumuiya ya kanisa na hata wale wanaovuka naye daraja watavaa sare. Sare haiagizwi siku ya wageni. Inaagizwa mapema, kila mtu ashone mtindo wake. Alipomwona Elikia usiku mmoja anaruka mbele ya kompyuta akipiga makofi peke yake, alijua kwamba kile kitu alichokitafuta miaka yote amekipata. Mtoto ni mnyenyekevu, hatasema. Basi alipokwenda kumwekea chai alisimama nyuma yake, akapiga foto.

"Na uliituma wapi, Maman?"

Kwa Mwavita, fundi wa Kamembe anayechapisha vitambaa vya sherehe. Mwavita alipomrudishia foto ikiwa imesafishwa, Honorine aliisambaza kwenye kundi la familia, ili watu wachague rangi. Kwa laini ipi? Ya Congo, bila shaka, familia iko Bukavu. Akaitoa laini yenyewe kutoka kwenye kipochi kidogo kifuani, akamwonyesha. Huiweka kwenye simu akishavuka daraja tu, na akirudi upande huu huitoa, maana upande huu inamla vocha bure.

Kayitare alikuwa akiipiga namba hiyo tangu alipopewa, na muda wote ilikuwa imelala kifuani mwa mwanamke huyu. Alihisi hasira, lakini hakuona wa kumkasirikia.

Ilibidi amwambie. Alimwambia kwa maneno machache: grafu ile ilikuwa siri, saa tisa watamfukuza Elikia kwa kuitoa, naye Elikia amekataa kufungua mdomo. Honorine alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaketi juu ya mzigo wake wa vitenge.

"Jana alikula vizuri," alisema. "Aliniuliza kama mi niko na jeton yangu, karatasi ya kuvuka, kama haijaisha. Nikasema mutoto ananihangaikia."

Kayitare alielewa basi ni nini kilichokuwa kikimziba mdomo msichana yule. Wenye namba watafutwe mpakani, alikuwa amesema Christophe-Aimé mbele ya maabara nzima, na mfanyabiashara anayetafutwa mpakani hana biashara tena. Aliuliza kama ile foto ya kwanza, aliyoipiga yeye mwenyewe, bado ipo. Haikuwepo; simu yake hujaa, naye hufuta. Lakini Mwavita hafuti kitu.

Walikwenda Kamembe kwa moto mbili. Mwavita alikuwa na chumba karibu na msikiti, kimejaa vilemba, fulana za timu na harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Alimkaribisha Kayitare kwa salamu ndefu ambazo mtu mwenye haraka hawezi kuzikata bila kuonekana hayawani. Hatimaye Kayitare alimuuliza kama mchoro aliupata hivyohivyo ulivyo kwenye sare.

Mwavita aliona swali lile ni tusi dogo. Hakuna mchoro unaokuja ukiwa sare. Huu ulikuja umepinda na una neno kubwa la kijivu limekatiza katikati, juu ya kile kilima, kama doa. Yeye alilifuta kwanza, akamrudishia mama aione, na rangi ilipochaguliwa ndipo akausawazisha mstari, akaupaka dhahabu.

"Mbona ulilifuta?" Kayitare aliuliza.

"Mzee wangu, mimi nimerithi kazi hii kwa bibi yangu. Mtu ananiletea sare ya furaha. Ukikifunga kitambaa, lile neno linaangukia makalioni. Nani atakubali kukaa juu yake?"

Akatafuta katika simu yake, akapandisha mazungumzo juu, akapandisha tena, mpaka ikatokea foto ya kwanza. Skrini ya Elikia, kikombe pembeni, mawimbi ya rangi. Na juu ya kinundu, kwa herufi pana zilizofifia: EXERCICE, yaani zoezi.

Kayitare alimpigia Niyonsenga. Jibu lilikuja fupi na lenye kueleweka, kitu alichokuwa amekikatia tamaa. Kabla ya kuruhusiwa kufungua sanduku, mchambuzi hutakiwa kuonyesha kwamba njia yake inaweza kuona chembe kama ipo. Kwa hiyo hutengeneza data ya kubuni, hupandikiza kinundu cha bandia mwenyewe, kisha huona kama uchambuzi wake utakipata. Picha za namna hiyo programu huzipiga mhuri wa neno hilo. Data yake haihifadhiwi, hutazamwa, hutupwa. Elikia aliruka kwa furaha kwa sababu mtego wake ulikuwa umenasa panya aliyemweka mwenyewe.

Kayitare alipokata simu aliona kwamba Honorine amesikia yote. Alikuwa ameishika simu ya Mwavita kwa mikono miwili, akilisoma neno lile. Alikuwa amesoma mpaka sekondari. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria; usiku ule alikuwa ametazama kilima tu.

"Njo kusema haiko," alisema. "Nimewaambia bantu bote. Na padri."

Mwavita alimwondolea simu mikononi kwa upole, akaituma foto kwa Kayitare. Kayitare alimuuliza mama huyu kama yuko tayari kwenda mbele ya wazungu kusema kwamba ni yeye aliyepiga. Honorine alijifunga kitenge upya kiunoni na kusema waende.

Walipofika maabara, mkutano ulikuwa umeshaanza. Elikia alikuwa mbele ya kamera, Christophe-Aimé kando yake, na kwenye ukuta zilikuwa zimepangwa nyuso za kamati katika vidirisha vyao. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa nywele nyeupe na sauti ya taratibu, alikuwa akisoma shitaka kwa Kifaransa. Elikia alipomwona mama yake mlangoni alisimama, akatikisa kichwa kumkataza. Honorine alimpita.

Kayitare aliomba dakika chache, hakusubiri kupewa. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya zamani na cha fomu za forodha, lakini kiliwatosha. Alionyesha foto ya kwanza yenye neno lake. Alionyesha sare. Alieleza kuhusu fundi aliyefuta doa. Kisha Honorine akasema kwa Kiswahili, Christophe-Aimé akitafsiri, kwamba mkono uliopiga foto ni wake, kwamba mtoto hakujua, na kwamba kama kuna mtu wa kufungwa, yeye yuko hapa, hata mzigo wake ameuacha nyumbani. Mjumbe mmoja, mama wa miwani myekundu, alificha mdomo kwa kiganja; haikujulikana kama analia au anacheka. Alisema kwa upande wake shauri limekwisha. Picha ni ya zoezi, hakuna siri iliyotoka, Daktari Elikia aombwe radhi.

Christophe-Aimé aliachia pumzi. Hapo yangekuwa yameisha, na Kayitare angekuwa nyumbani kabla ya mvua.

Lakini mwenyekiti hakuridhika. Alitikisa kichwa cheupe kile.

"Haiwezekani ikawa zoezi," alisema. "Neno mtu yeyote anaweza kulibandika. Kinundu kiko palepale. Na kimo chake ni kilekile."

Kayitare alikuwa tayari amevaa kofia. Akaivua.

Siku nzima alikuwa ameambiwa na watu wenye vyeti vingi kwamba hakuna ajuaye kilichomo sandukuni. Aliudhika na jambo hilo, akalipinga, mwishowe akalikubali, kama mtu anavyokubali sheria za nyumba ya mkwewe. Na sasa huyu hapa, mwenye nyumba mwenyewe, amezivunja.

"Palepale kama wapi, Monsieur le Président?" aliuliza.

Chini, kwa bahati, misumeno ilikuwa imenyamaza.

"Umesema palepale na kimo kilekile. Vilevile kama kipi? Nimeelezwa kwamba sanduku limefungwa."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Alianza kusema kuhusu makadirio ya awali, akaliacha neno katikati. Kwenye vidirisha vingine nyuso zilikuwa zimegeuka, kila mmoja akitazama upande ambako kwenye skrini yake mwenyekiti alikuwa. Kwetu tunasema aisifuye mvua imemnyea, na mzee yule alikuwa amelowa chapachapa mbele ya watu wote. Kayitare alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alimgeukia Elikia, akitarajia, kusema kweli, shukrani.

Elikia alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

Mama wa miwani myekundu ndiye aliyezungumza, na hakuwa na furaha. Alimwomba mwenyekiti atoke kwenye mkutano, na mwenyekiti alitoka bila kubisha. Kidirisha chake kikawa cheusi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu asiyoipenda, kwamba Daktari Elikia hana kosa na nafasi yake katika jaribio haiguswi. Lakini sheria ni sheria. Kila aliyesikia maneno yale sasa anajua kilichomo, na anayejua hawezi tena kuchambua. Utafutaji huu utaondolewa mikononi mwa Kamembe na mwa kila aliyekuwa kwenye mkutano. Utapewa watu wengine, wenye data nyingine na sanduku jingine. Alisema pole mara mbili, akakata.

Ukutani kukabaki rangi ya buluu tupu.

"Mzee," alisema Elikia, bado amefunika uso, "ungenyamaza. Ulikuwa umemaliza. Ungenyamaza tu."

"Mwizi alikuwa mbele yangu."

"Miaka tatu. Ilibaki wiki kidogo tu tufungue. Mi njo ningefungua."

Kayitare alitaka kusema kwamba yeye aliajiriwa kumtafuta aliyefungua sanduku na amempata. Kwamba kama watu hawataki kujua, wasimwite mpelelezi. Kwamba kule Ruhwa hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kuona. Aliyatazama maneno hayo moja moja na hakuona hata moja lenye faida kwa msichana huyu. Christophe-Aimé alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Honorine alikuwa bado amesimama mbele ya kamera iliyozimika. Alikuwa amefuata Kifaransa chote kile, na alikuwa amefuata zaidi uso wa mwanawe.

"Mi kuna kintu moja sijafahamu," alisema. "Iko ao haiko?"

Christophe-Aimé aliinua mkono wake kumzuia Elikia asijibu, kwa mazoea tu, kama alivyokuwa amefanya miaka yote. Kisha akakumbuka, akaushusha.

Elikia alitoa mikono usoni. Macho yalikuwa mekundu, na mdomo ulikuwa hauna uhakika uelekee wapi.

"Iko, maman," alisema. "Inaonekana iko. Ila bengine njo batakuya kuivumbua."

Honorine alimkumbatia hapo hapo kwenye kiti, na Elikia akalia kwa sauti, akicheka katikati ya kulia. Kayitare alivaa kofia yake, akashuka ngazi hadi kwenye duka la mabati. Hakuna aliyemshukuru, na hakuwalaumu.